Eti sijui kuvuta: uzoefu wangu na boksi la siga 20

Nimekaa na jambo hili muda sasa, nikijiambia nitaandika hasira zikishapoa. Hazijapoa. Zinashuka na kupanda kutegemea siga niliyovuta jioni hiyo. Kwa hiyo mkiona katikati ya maelezo nimegeuza kauli, msishangae, nimeigeuza kweli.

Vipimo sitaviandika. Zimesokotwa Estelí, Nikaragua, jani la nje limelimwa Ekuador, na mengine yote yako juu ya boksi, kila anayeziuza anayanakili vilevile neno kwa neno. Jina lake silitaji, la muuzaji ndiyo kabisa silitaji. Naye asije akapata cha kusema kwamba nimemchafulia biashara. Na kwa asiyejua: nazungumzia siga, ile ya majani matupu inayosokotwa kwa mkono, si sigara ya karatasi ya kuvuta dakika tano na kukanyaga. Siga moja ya ukubwa huu ni saa nzima. Unaitafutia kiti, unaitafutia ukimya, simu unaiweka mbali. Ndiyo maana ikikuangusha, maumivu yake si madogo.

Ya kwanza niliipa heshima zote. Nikakata kofia yake (kile kipande cha jani kinachofunga kichwa, upande wa mdomoni) taratibu, juu tu ya ule mstari inapoishia, maana ukikata chini ya hapo jani la nje linaanza kufumuka. Nikavuta kavu kabla ya kuwasha, nisikie ladha ya tumbaku. Hewa haikuja. Nikasema labda ni mimi. Nikaipasha joto ncha polepole, moto haugusi, mpaka ukingo wote ukawa mwekundu sawasawa. Nikavuta. Mashavu yakaingia ndani kama ninanyonya asali kwa mrija, na moshi uliotoka haukutosha kumfukuza hata mbu mmoja.

Sasa tatizo la siga iliyoziba si kwamba haitoi moshi tu. Siga haitaki papara; pumzi moja kwa dakika hivi inaitosha. Lakini hii inakulazimisha uvute mfululizo isizimike, ukivuta mfululizo inapata joto, ikipata joto inageuka chungu. Unakaa saa nzima ukifanya kazi ya mhunzi anayevukuta, na mwisho wake ni ulimi uliobabuka. Niliwasha upya mara nne. Mara ya tano nikaiacha.

Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa na unafuu, nusu ya kwanza ilipita, nusu ya pili ikafunga. Ya nne nilishapoteza subira: nikachukua sindano ndefu ya kuzibua, nikaipitisha kichwani, nikasukuma. Jani la nje likapasuka kutoka kichwani hadi kwenye ile pete ya karatasi iliyovalishwa siga, krrr, kama kitambaa kilichooza. Niliirusha nje ya dirisha. Sijivunii hilo.

Nne kwa nne. Nikamwandikia muuzaji, kistaarabu kabisa. Salamu, shukrani kwa kufungasha vizuri (ni kweli alifungasha vizuri, haki yake nampa), picha tatu, maelezo mafupi, na ombi: anibadilishie, au walau aniambie nifanyeje. Sikudai pesa. Narudia, sikudai pesa. Jibu likaja baada ya siku kadhaa, nalo ni hili, sijaongeza wala kupunguza:

"Kaka, hizi hatujawahi kupata malalamiko. Siga si sigara. Jifunze kuvuta kwanza."

Basi. Hakuna salamu, hakuna pole. Unajua neno lililoniuma? Si "jifunze". Kila mtu anajifunza, mimi nimekuwa nikijifunza miaka. Ni hilo "kwanza" mwishoni. Yaani nenda, kue, ukishakua ndiyo urudi kulalamika. Nililisoma neno hilo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua ya mtu ninayempenda. Nilimwandikia majibu sita, nikayafuta yote sita. Kisha nikaenda kumpa nyota moja, na hiyo moja niliitoa kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Hapo ndipo hadithi ingeisha, na laiti ingeisha hapo, maana mimi ningebaki na haki yangu yote.

Siku moja akaja rafiki yangu, mtu mzima, amevuta siga tangu mimi sijajua tumbaku inaoteshwa wapi. Nikamsimulia kwa jazba, nikamfungulia kasha ninamozitunza siga kwenye unyevu, ajionee. Kasha langu ni zuri, ndani limetandikwa ule unaoitwa mwerezi wa Kihispania (ambao si mwerezi wala hautoki Hispania, ni jamaa ya mkangazi kutoka nchi za joto za Amerika). Akachukua siga moja, hakuinusa, hakuisifu. Akaibinya kwa vidole viwili kuanzia mguuni, upande wa kuwashia, kwenda kichwani, polepole, kama daktari anayetafuta uvimbe. Kisha akanitazama.

"Mdogo wangu, hii imekunywa maji."

Nikamwonyesha kipimaunyevu cha mshale kilichobandikwa mlangoni mwa kasha: asilimia 69. Hapo ndipo panapotakiwa, wengine huweka 65, wengine hufika 70, lakini 69 hakuna wa kukupinga. Akacheka. Akaniuliza, hiki umewahi kukijaribu kwa chumvi? Nikasema ndiyo. Nilikuwa nadanganya.

Jaribio lenyewe ni la kitoto. Kifuniko cha chupa, chumvi ya kawaida, matone machache ya maji mpaka iwe kama tope, si uji. Unaweka pamoja na kipimo ndani ya mfuko unaofunga vizuri, unaacha usiku kucha. Hewa ya humo ndani itatulia kwenye asilimia 75, ndivyo chumvi ilivyo, haibembelezwi. Asubuhi nikaenda kutazama nikiwa bado na nguo za kulalia. Mshale wangu ulikuwa umesimama kwenye 68.

Fanya hesabu. Kinapungua saba. Kumbe kile nilichokuwa nakiona 69 kilikuwa 76, na siga zangu zilikuwa zimekaa humo wiki kadhaa zikivimba kama maharage yaliyolowekwa. Jani likivimba, njia za hewa zinabanana. Na lenye maji haliungui, linachemka. Kuwasha upya mara nne, uchungu, jani la nje kupasuka: vyote vina maelezo, na maelezo hayo yako mlangoni mwa kasha langu, yamebandikwa kwa gundi.

Nilikaa kitandani nikajisikia mdogo. Nikaenda nikaifuta ile nyota moja.

Lakini subirini. Muuzaji alikuwa sahihi? Hapana, na hili nitalisema hata mkinizomea. Alibahatisha. Mtu anayeuza siga anajua, au anapaswa kujua, kwamba siga nne mfululizo zikiziba swali la kwanza kabisa ni "unazitunza kwenye unyevu kiasi gani?" Maneno machache tu. Angeniuliza hivyo ningemjibu 69, angeniambia kajaribu kwa chumvi, na leo ningekuwa namwandikia shairi. Yeye hakuniuliza kitu. Hakujua kipimo changu kimekosea zaidi ya nilivyojua mimi. Aliona malalamiko, akatafuta pa kuyatupia, akayatupa usoni kwangu. Na halafu, kosa langu halikuwa kuvuta! Lilikuwa kutunza. Hata kwenye tusi lake alikosea.

Basi, turudi kwenye siga. Moja nilimpa rafiki yangu aondoke nayo, maana elimu ina ada yake. Nikatoa nne nyingine, nikaziweka kwenye boksi tupu la mbao lisilo na kitu chochote cha unyevu, nikazisahau siku tatu. Kasha nikalirekebisha, kipimo cha mshale nikakitoa, nikanunua cha kidijitali, nacho nikakilaza kwenye chumvi kabla hakijapumzika.

Ya kwanza kati ya zile nne niliwasha bila matumaini. Jamani.

Moshi ulikuja wenyewe, mzito, mweupe, laini mdomoni kama una mafuta. Pumzi za mwanzo ni pilipili manga, ile ya puani, ukiutoa moshi kidogo kwa pua unapiga chafya nusu. Pilipili ikashuka taratibu, ikabaki mbao kavu, kisha kitu kama kahawa iliyokaangwa sana, na chini ya hapo utamu ambao sijui niuite nini, kama harufu ya ngozi mpya ya mkoba. Majivu yalisimama marefu kuliko kidole gumba, ya kijivu kilichoiva, na mstari wa moto ukatembea sawa bila mimi kuusahihisha hata mara moja. Katikati ikawa na nguvu kidogo, unalisikia lile jani kali la juu ya mmea ambalo huwekwa katikati ya siga kwa sababu linaungua polepole. Niliivuta mpaka vidole vikaungua. Nikakaa pale na kipande kilichobaki, nikikosa hata wa kumwambia.

Usiku uleule nilirudi dukani kwake kuagiza boksi la pili. Kweli kabisa. Nilishajaza anwani, kidole kiko juu ya kitufe cha kulipa. Kilichonizuia ni lile "kwanza". Nikasema ngoja nimalize hizi.

Na nilifanya vizuri. Iliyofuata ilikuwa nzuri, si kama ile, lakini nzuri. Ya tatu ikaziba.

Imeziba kabisa, kuliko hata zile zilizolowa. Na hii imekauka, nimeibinya kama nilivyofundishwa, inaitika kwa kasauti kadogo, haina maji. Ila kidole kilipofika chini kidogo ya pete nikasikia gumu, kama punje. Safari hii sikuirusha nje. Nilichukua wembe, nikaichana kwa urefu kutoka kichwani hadi mguuni, nikaifungua juu ya karatasi nyeupe.

Kuna namna mbili tatu za kupanga majani ya ndani. Iliyo bora, kila jani huviringishwa peke yake kama mrija, halafu mirija hiyo inakusanywa pamoja, hewa ina pa kupita. Ya haraka ni kuyalaza moja juu ya jingine na kuyakunja kama kitabu. Hii ilikuwa kitabu, na si kosa, zipo siga nzuri sana zinazokunjwa hivyo. Kosa lilikuwa katikati: kipande cha uti wa jani, kirefu kama kucha, kimelala kikipingana na majani mengine, na jani moja limejisokota juu yake mara mbili likafanya fundo. Uti huo hutolewa kiwandani kabla jani halijamfikia msokotaji. Hiki kilipita. Na siku hizi viwanda vingi vina mashine ya kupima kama hewa inapita kwenye fungu la majani ya ndani kabla halijavikwa jani la nje. Hili fungu ama halikupimwa, ama lilipimwa na mtu akafumba macho. Fundo lile hata ningelianika juani mwaka mzima lisingefunguka.

Kwa hiyo nilikuwa na kosa. Na wao walikuwa na kosa. Sasa zile nne za mwanzo, ngapi zilikuwa maji yangu na ngapi zilikuwa fundo lao? Moja iko chini ya dirisha, imeshaoza. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linalonikera usiku.

Nikapiga picha, karibu kabisa, wembe pembeni kwa kulinganisha. Nikamtumia muuzaji. Nikamweleza kila kitu, pamoja na kipimo changu kilichokosea, nikakiri kabisa kwamba mwanzoni nililalamika nikiwa na hatia nusu. Nilidhani ukweli huo utafungua moyo wake. Alisoma palepale, alama ya kusomwa niliiona. Baada ya kimya kirefu akajibu kwa dole gumba. Dole gumba tu, la njano.

Nyota nimezirudisha, sasa ni mbili. Juzi zilikuwa nne kwa muda wa kama saa moja, maana ile ya mwisho kati ya zile zilizokauka ilinirudisha kulekule kwenye ngozi na kahawa, nikawa radhi kumsamehe kila mtu, hata msokotaji. Asubuhi nikaliona lile dole gumba tena nikazishusha. Kama mnataka kuijaribu siga hii, ijaribuni, lakini nunueni moja moja, na kwa mtu mwingine.

Zimebaki kumi na moja. Mbili ziko kwenye boksi kavu tangu juzi. Moja nimeshaibinya, haina punje. Nyingine naiogopa kuigusa.