Gemu za zamani tatu kwa moja: ipi ununue ukiwa Tanga

Mpwa wangu alipomwona Lara Croft wa gemu ya Tomb Raider ya mwaka 1996 kwenye runinga yangu hapa Chumbageni, alicheka hadi akaangusha pedi. "Mjomba, huyu dada mbona uso kama umechongwa kwa panga?" Nikabonyeza kitufe kimoja, picha ikabadilika. Lara yule yule, pango lile lile, ila sasa ana sura ya mtu. Dogo akanyamaza. Kisha akaninyang'anya pedi akawa anabonyeza mwenyewe, zamani, sasa, zamani, sasa, mpaka mbwamwitu wakammaliza Lara wa watu.

Siku hizi hizi gemu za kutafuta hazina, kupanda magofu na kukimbia mitego zimerudi sokoni, mbili au tatu ndani ya CD moja, zimesafishwa picha zikae vizuri kwenye runinga bapa. Wengi wananiuliza waanze na ipi. Naandika hasa kwa mwenye PS4 (mashine ya gemu ya PlayStation 4), maana ndiyo niliyonayo na ndiyo naikuta majumbani kwa watu. Mwenye PS5 yumo pia, kwani inasoma CD za PS4, mradi yake iwe na mdomo wa CD. Ipo aina isiyo nao kabisa. Usijidanganye kununua CD ya PS3 ukaiweke kwenye PS4. Haisomi.

Jambo la kwanza kujiuliza ni CD au bando. Gemu ya GB 40 na ushee kwa bando la simu ni mzaha. CD unaweza kuicheza ukaimaliza, ukabadilishana na mtu wa Makorora au ukaiuza urudishe nusu ya hela. Kwa hiyo katika kupanga nafasi hapa chini sikutazama uzuri tu. Nimetazama pia kama mzigo wote umo kwenye CD, na kama umeme ukikatika saa mbili usiku utakuta ulipoachia.

Nafasi ya kwanza: Uncharted: The Nathan Drake Collection

Ilitoka Oktoba 2015. Ndani yake kuna Drake's Fortune ya 2007, Among Thieves ya 2009 na Drake's Deception ya 2011. Waliotengeneza za awali ni Naughty Dog, lakini kazi ya kuzisafisha walipewa Bluepoint Games wa Austin, Texas, na hao walikuwa na mkono mwepesi. Zinakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, ambapo kwenye PS3 zilikuwa 30. Kwa mdomo hiyo haielezeki. Shika pedi, geuza kamera haraka, utaona.

Ya kwanza imezeeka, nisikufiche. Kuna sehemu ya kupandisha mto kwa pikipiki ya maji huku unapigwa risasi na mapipa yanakuja usoni, nimeitukana sana. Vumilia, au uicheze kwa kiwango chepesi kabisa kinachoitwa Explorer, ambacho waliongeza humu humu kwenye mkusanyiko. Thawabu yake iko kwenye ya pili. Unaanza ukiwa umejeruhiwa ndani ya behewa la treni linaloning'inia ukingoni mwa mlima wenye theluji, viti vinadondoka vinakupita, na inabidi upande kiti hadi kiti hadi utoke juu. Hakuna aliyekueleza umefikaje pale. Nimeonyesha watu watano sehemu hiyo na wote walikaa vizuri kwenye kochi.

Ya tatu ina jambo letu. Drake, shujaa wa gemu hizi, anautafuta mji uliopotea katika jangwa la Rub' al Khali, na mji wenyewe ni Iramu. Aliyesoma juzuu Amma chuoni ameshakutana nao kwenye Sura ya Al-Fajr. Mama yangu, ambaye gemu kwake ni kelele tu, alilisikia jina hilo akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni nini tunachotazama. Alikaa nusu saa nzima. Ubwabwa ukaungua.

Ikikatika umeme, gemu zinajihifadhi zenyewe kila baada ya hatua kadhaa, hupotezi kitu kikubwa. Upungufu wake ni kwamba sehemu ya kucheza mtandaoni waliiondoa. Kwa mtu wa hapa hilo ni msiba mdogo.

Tahadhari: kuna makopi yaliyokuja ndani ya boksi la PS4 mpya, yenye maandishi kwamba yasiuzwe peke yake. Gemu ni ile ile, usiogope, ila litumie neno hilo kushushia bei.

Nafasi ya pili: Tomb Raider I–III Remastered

Ndiyo ile ya mpwa wangu. Kampuni ya Aspyr iliitoa tarehe 14 Februari 2024, na inazo gemu tatu za 1996, 1997 na 1998 pamoja na nyongeza zake zote. Ilipotoka ilikuwa dola 29.99, yaani karibu dola kumi kila gemu. Kwa mzigo wa intaneti ni nyepesi mno ukiilinganisha na ndugu zake humu, kwa hiyo hii ndiyo pekee ninayoweza kumshauri mtu aichukue kwa bando.

Steji ya kwanza kabisa ni mapango ya Peru, giza, baridi, na popo wanaokurukia kichwani. Aliyewahi kuingia Amboni akiwa mtoto wa shule, na mwongozaji akazima tochi makusudi, ataijua hali hiyo. Hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unasimama, unatazama ukuta, unapima kuruka kwa hatua. Kwa uendeshaji wa zamani Lara anageuka kama lori la mkonge: unakata kona kwanza ndipo uende. Wameweka pia uendeshaji wa kisasa, lakini mimi nakwambia rudi kwenye ule wa kale. Steji zilijengwa kwa vipimo vyake, na kuruka kunakuwa na hesabu.

Kilichoishusha ni umeme. Unaweza kuhifadhi popote upendapo, ambayo ni neema, ila zoea kuhifadhi mwenyewe kila unaporuka shimo. Mimi nilisahau, nikapoteza jioni nzima. (Ukifika gemu ya pili, nyumbani kwa Lara, mvute yule mzee mtumishi mpaka kwenye chumba cha barafu umfungie. Usiniulize kwa nini.)

Nafasi ya tatu: Assassin's Creed: The Ezio Collection

Novemba 2016. Gemu tatu za maisha ya mtu mmoja, kuanzia Florence na Venice, kisha Roma, mwisho Istanbul. Ndefu, zitakufikisha mfungo hadi mfungo. Hadithi ni tamu kuliko zote nilizotaja, ila usafishaji wenyewe ni wa kufuta vumbi tu. Ukiipata kwa bei ya chini, chukua.

Ya mwisho: Grand Theft Auto: The Trilogy

Najua wengine mmekuja kwa ajili ya hii. San Andreas ya 2004 tumeilea sote kwenye mabanda ya gemu ya Ngamiani. Lakini mkusanyiko wa Novemba 2021 haukusafishwa, ulichakachuliwa. Mvua ilinyesha kama chaki hadi huoni barabara, nyuso zilikuwa za wanasesere, nyimbo kadhaa za redio hazimo. Rockstar wenyewe, wenye gemu hiyo, waliomba radhi. Sasisho la Novemba 2024 limeponya mengi, na mwanga wa zamani umerudishwa, ila sasisho hilo linataka bando. Ukiweka CD peke yake unacheza ule ugonjwa wa mwanzo.

Sasa dukani

CD yangu ya Uncharted niliagiza Dar ikaja kwa basi. Nikaenda kuipokea stendi ya Kange kwa baiskeli, kava safi, nailoni safi. Nafungua nyumbani: ndani kuna CD ya Uncharted 4. Muuzaji akasema, "Kaka, si ndiyo hiyo hiyo?" Siyo hiyo. Ikachukua siku tisa kubadilishiwa, na nauli ya mzigo nilitoa mimi.

Basi fungua kava mbele ya muuzaji, soma jina kwenye CD yenyewe. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha: mikwaruzo ya duara ndiyo mibaya, ile inayotoka katikati kwenda nje mara nyingi haina neno. Angalia tundu la katikati kama lina ufa. Kisha omba waiweke kwenye mashine, na usikubali kuondoka ukiona jina limetokea tu. PS4 hunakili gemu kutoka kwenye CD kwenda ndani, na CD mbovu hukwama katikati ya safari, hata kwenye asilimia 80. Agiza chai, subiri ifike mwisho. Akikwambia duka linafungwa, mwambie utarudi kesho.