Kuondoa mikwaruzo kwenye rangi ya gari la modeli: nini ununue kwanza

Kabla hujatoa pesa, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo kwa kuukata upande. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo uko juujuu na unatoka. Ukinasa, au ukiona praima (rangi ya msingi) au chuma chini yake, hakuna krimu ya kung'arishia itakayorudisha rangi ambayo haipo tena: nunua rangi ya kujazia, ijaze kwa ncha ya brashi nyembamba, iache ikauke kabisa, ndipo ung'arishe. Kung'arisha hakujazi kitu. Kunapunguza rangi iliyo pembeni mpaka ilingane na sakafu ya mkwaruzo. Ndiyo maana orodha hii inaanza na kinachokula rangi kidogo, si kinachofanya kazi haraka.

1. Krimu za Tamiya

Tamiya ni kampuni ya modeli, na krimu zake za kung'arishia zinauzwa kwenye tyubu za ml 22, kwa ukali wa aina tatu: Coarse (kali), Fine (laini) na Finish (ya kumalizia). Kwa watu wengi hapa ndipo pa kuanzia, na kama mfuko unaruhusu tyubu moja tu, chukua Fine. Inatoa mikwaruzo ya vumbi na ya kufutafuta kabatini, na si rahisi kutoboa rangi nayo. Coarse ni ya kufuata msasa. Kwenye gari lililotoka kiwandani likiwa limeshapakwa rangi, mara nyingi hutaihitaji.

Weka tone dogo kwenye kitambaa laini cha maikrofaiba kilicholowa kidogo, kisha sugua kwa mistari iliyonyooka kufuata urefu wa bodi, ukibonyeza kwa ncha ya kidole kimoja. Baada ya mipito kumi hivi, futa na uangalie chini ya taa iliyoinama, maana mwanga wa kutoka juu moja kwa moja huficha alama. Kila krimu iwe na kitambaa chake. Chembe chache za Coarse zikibaki kwenye kitambaa cha Finish, utachora mikwaruzo mipya huku ukidhani unamalizia.

2. Seti ya vitambaa vya Micro-Mesh

Hivi ni vitambaa vya kusugulia, vinavyokwaruza kama msasa laini sana. Seti inayotumiwa sana na wajenzi wa modeli ina namba 3200, 3600, 4000, 6000, 8000 na 12000. Namba hizi si zile za msasa wa kawaida, kwa hiyo usizilinganishe. Kwa modeli ya plastiki uliyoipaka mwenyewe, yenye klia (tabaka la juu linaloonyesha rangi iliyo chini yake) ya kutosha, seti hii inashinda krimu: inalainisha rangi iliyokauka na vijibonde kama ganda la chungwa, inaondoa vumbi lililonasa, na mikwaruzo ya kina kidogo inakwisha.

Tumia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, na suuza kitambaa mara kwa mara. Ukisugua kwa urefu na 3200, sugua kwa upana na 3600. Hapo utaona kama alama za hatua iliyopita zimekwisha. Usiruke namba. Alama ulizoziacha kwenye 4000 hazitatolewa na 12000, zitang'aa tu na kuonekana zaidi. Malizia kwa krimu ya Finish.

Imeshika nafasi ya pili kwa sababu ya kingo. Rangi ikiwa mbichi hukimbia kona na mikunjo, hivyo pale hubaki nyembamba kuliko popote, na ndipo inapotoboka kwanza. Ziba kingo, mistari ya milango na nembo kwa tepu ya karatasi, kisha itoe mwishoni na upitishe Finish mara chache tu. Kitambaa kikianza kuchukua rangi ya bodi, klia imekwisha: acha. Kwa rangi ya metaliki jambo hili halina msamaha, kwani ukizikata chembe zake za kung'aa utaacha doa ambalo dawa yake ni kupaka upya. Kwenye vigari vya chuma vya kiwandani, maandishi na michoro huwa imechapwa juu ya rangi na hufutika upesi. Huko baki na Fine.

3. Novus 2

Ni dawa ya kung'arishia ya maji maji, iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki. Kwa vioo vya modeli na taa zilizofifia ni nzuri sana. Kwenye rangi ngumu inakwenda polepole.

4. Msasa wa maji, namba 2000

Nunua karatasi moja tu, kwa ajili ya tone la rangi lililochuruzika au unywele ulionasa. Uloweke kwanza, na usitumie namba ya chini ya 1500.

Vya kuacha dukani

Kompaundi (krimu ya kung'arishia) ya magari halisi ni kali kwa rangi nyembamba hivi, na nyingine zina silikoni inayofanya rangi mpya ijitenge na kuacha vitundu. Dawa ya meno hubadilika ukali kutoka aina moja hadi nyingine, na boksi halikuambii. Mashine ndogo ya kuzungusha nayo huzalisha joto: plastiki ya modeli nyingi hulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na rangi huharibika kabla ya hapo.

Ongeza kapuni tepu ya karatasi, vitambaa vitatu na mswaki laini. Kama rangi ni mpya, inuse: ukisikia harufu bado haijakomaa, na rangi ya enameli (ya mafuta) inaweza kuchukua wiki kadhaa. Krimu iliyoingia kwenye mistari ya milango itoe kwa mswaki na maji ya sabuni kabla haijakauka, maana ikigeuka unga mweupe itabidi uichokoe kwa kijiti. Nta ije baada ya stika zote kubandikwa, kwa kuwa hazishiki juu yake.