Charley Pride na Linda Martell: Njia Mbili za Mwimbaji Mweusi katika Muziki wa Kantri

Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Sledge, Mississippi, alicheza besiboli katika ligi za Weusi na kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyushia madini huko Montana, kabla kampuni ya kurekodi ya RCA haijapeleka nyimbo zake redioni mwaka 1966 bila picha yake, ili sauti itangulie rangi. Mbinu hiyo inasikitisha, lakini ilimfungulia mlango: alipata nyimbo 29 zilizoshika nafasi ya kwanza kwenye chati za kantri, na mwaka 1971 akatuzwa na CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, kuwa mtumbuizaji bora wa mwaka.

Linda Martell wa South Carolina hakufichwa. Mwaka 1969 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Grand Ole Opry, onyesho mashuhuri la kantri la Nashville, na jalada la albamu yake ya 1970 lilibeba sura yake. Ila kampuni iliyomrekodi iliitwa Plantation, neno linalokumbusha mashamba waliyotumikishwa watumwa, na jukwaani alirushiwa matusi ya rangi. Albamu hiyo ilibaki kuwa albamu yake pekee. Kwa maoni yangu hakupungukiwa kipaji, alipungukiwa watetezi, na sauti yake ilisikika tena kwa mamilioni mwaka 2024 tu, katika albamu ya Beyoncé.