Kopi ya Submariner ya kauri: kila kitu nimekisamehe isipokuwa pete

"Kwani wewe ulitaka kuzamia nayo?" Hivyo ndivyo alivyonijibu kijana wa duka la saa pale Kariakoo, macho yake yako kwenye simu, na wenziwe nyuma ya kaunta wanacheka. Naandika haya hasira haijashuka, kwa hiyo anayetaka kujua upana wa saa na uzito wa mkanda akatafute kwingine. Mimi nina neno na pete yake, lile duara lenye namba linalozungushwa pembeni ya kioo, na nina neno na aliyeniuzia.

Saa yenyewe ni kopi ya Rolex Submariner, saa ya kuzamia, ile nyeusi yenye pete ya kauri. Kwamba ni kopi nilijua tangu mwanzo na wala halina ubishi. Oriji ya chuma ilipotolewa upya mwaka 2020 bei yake ilikuwa zaidi ya dola 8,000, na kipato cha mwongoza wazamiaji wa Nungwi, Unguja, kama mimi hakifiki huko. Lakini dukani sikuuziwa "saa inayofanana na". Niliambiwa kopi daraja la kwanza, kauri ya kweli, maji mita 300. Kijana aliitumbukiza kwenye glasi ya maji mbele yangu, akaiacha humo huku akiisifu, kisha akaitoa na kuifuta kwa shati lake. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akasema, "Basi mzee, hii ndiyo yako hasa." Maneno hayo nayakumbuka kama yalivyotoka, na ndiyo yaliyofanya lile jibu lake la baadaye linichome.

Haki yake nitaisema kwanza. Kauri ni kauri. Zamani pete za saa hizi zilikuwa na bamba la alumini, na sisi wa pwani tunajua jua na chumvi zinavyolifanya: nyeusi inageuka kijivu, na mikwaruzo inajaa hadi namba hazisomeki. Rolex walipoiweka kauri kwenye Submariner ya chuma mwaka 2010 walikuwa na sababu. Kauri hii ni unga wa madini uitwao zirkonia, unaochomwa kwenye joto kali mno mpaka unashikamana na kuwa mgumu, na mchanga wa kawaida hauukwaruzi. Hii yangu nimeigonganisha na mitungi ya hewa, imesuguana na ngazi ya boti, imelala kwenye mchanga na makoleo ya mashua, na pete bado inang'aa kama siku niliyoinunua, wakati chuma cha pembeni kimejaa mikwaruzo kila upande. Ubaya wa kauri ni mwingine: haikwaruziki lakini ikigongwa vibaya inapasuka. Yangu haijapasuka.

Namba za oriji zimechongwa ndani ya kauri halafu zikavikwa utando mwembamba wa platinamu. Za kwangu zimejazwa rangi tu ya fedha, na kwenye 40 imeshaanza kubanduka. Nimesamehe. Oriji gizani inatoa mwanga wa buluu usiku kucha. Yangu inatoa kijani, na kabla hujamaliza kufunga mkanda wa mtungi imeshafifia. Nimesamehe hilo pia. Maji, nasema kweli tupu, hayakuingia. Hata ukungu chini ya kioo sijauona.

Basi tatizo liko wapi? Tatizo ni kazi moja, ile ambayo kwa ajili yake saa ya kuzamia iliwekewa pete. Kabla ya kushuka unaizungusha pete mpaka ile pembetatu iliyo kwenye sifuri ya pete ikae sawa na mshale wa dakika. Baada ya hapo hupigi hesabu yoyote. Pale mshale ulipo kwenye pete ndipo penye dakika ulizokaa chini. Na pete hiyo lazima iende upande mmoja tu, kushoto, kinyume cha mwendo wa mishale. Ikigongwa kwa bahati mbaya ikasogea kushoto, itakuonyesha umekaa muda mrefu kuliko ulivyokaa kweli, nawe utapanda mapema. Hakuna aliyeumia kwa kupanda mapema. Ikienda kulia inakuonyesha muda mfupi, na wewe umetulia unaangalia kasa huku nitrojeni ya hewa unayovuta inazidi kujaa mwilini, ije ikuumize ukipanda. Kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, ISO 6425, kinataka kifaa hicho cha kupimia muda kilindwe kisisogee ovyo. Wala si mambo ya urembo hayo.

Tulikuwa kisiwa cha Mnemba, kama mwezi hivi baada ya Idi, na wageni wenye uzoefu wa wastani. Kina mita 18, au pungufu kidogo. Kwa jedwali la PADI, shirika linalofundisha wazamiaji, mbizi ya kwanza kwenye kina hicho kikomo chake ni dakika 56 kama hutaki kusimamasimama njiani wakati wa kupanda ili nitrojeni itoke. Mkondo ulikuwa mkali kushukia, tumeshika kamba ya boya, na mkono wangu wa kushoto ukasuguana na koti la kuelea la mgeni niliyekuwa namshika. Sikusikia kitu. Baadaye chini nikaitazama saa: dakika 21. Nikatazama kompyuta ya kuzamia, kifaa cha kupima kina na muda, iliyo mkono wa pili: 31. Nikaitazama tena saa. Mishale inakwenda, sekunde inatembea, kila kitu kizuri, na pete imekaa pale imetulia inanidanganya dakika kumi nzima. Pete hii ina vituo 120 kwa mzunguko, kila kimoja nusu dakika. Maana yake ilirudi vituo 20 kwenda kulia, kule ambako haikupaswa kwenda hata kimoja.

Nashukuru nina kompyuta. Lakini kompyuta inatumia betri, na betri huisha au hulowa, na saa ya mkononi ndiyo akiba. Akiba inayodanganya ni mbaya kuliko kukosa akiba, kwa sababu usipokuwa nayo unapanda, ukiwa nayo unaiamini.

Niliipeleka kwa fundi saa, mzee mmoja wa Darajani ambaye mikono yake inatetemeka mpaka pale anaposhika koleo ndogo, hapo inatulia. Aliingiza wembe mwembamba chini ya pete, akaunyanyua kidogo kidogo kuizunguka saa, pete ikachomoka kwa mlio mdogo. Chini yake kulikuwa na gundi ya manjano iliyokauka, mchanga wetu wa Nungwi, na kipande cha bati chembamba kilichopindwa kiwe springi, chenye mguu mmoja unaobana kwenye meno. Akanipa lenzi yake nitazame. "Unaona meno haya?" akaniuliza. "Yamechongwa sawa pande zote mbili. Yalitakiwa yalale upande mmoja, kama ya msumeno, ili mguu ukirudi ukutane na ukuta. Hapa hakuna ukuta." Springi ikiwa mpya inabana kwa nguvu, ndiyo maana dukani nilipoisukuma kulia ilikataa. Ikishazoea, inateleza kotekote. Halafu akanionyesha mpira wa mfuniko wa nyuma, mkavu kabisa, hata tone la mafuta hamna. "Hii haijaingia maji kwa rehema tu ya Mungu," akasema, akaupaka mafuta bila mimi kumwomba.

Kwa hiyo si kwamba iliharibika. Iliundwa hivyo. Kiwandani walichoma kauri, wakaisugua mpaka ikang'aa, wakachonga namba ndogo kwa mashine nzuri, halafu walipofika kwenye meno, kitu ambacho mteja hakioni, wakakata pande mbili sawa kwa sababu ni rahisi.

Na hapa nijibu mapema, maana rafiki yangu mmoja mpenzi wa saa alishanipinga. Alisema hata Submariner za zamani, tangu zilipotoka mwaka 1953 na miaka mingi iliyofuata, pete zilizunguka pande zote. Ni kweli. Na wenyewe waliotengeneza ndio waliobadilisha, wakazifanya ziende upande mmoja. Mtu akiniuzia sura ya saa ya kauri ya siku hizi, halafu ndani akaweka tabia iliyoachwa, hoja hiyo haimsaidii.

Nilivuka kwenda Dar na pete iko kwenye karatasi, pembeni ya saa, ili kijana aone mwenyewe. Sikwenda kugombana. Nilimwita yule kijana "mwanangu", nikamweleza polepole habari ya meno na kushoto na kulia. Hakuishika. Hakuitazama. Ndipo akasema lile neno lake, na akaongeza, "Mzee, hii ni ya kuvaa. Piga picha, nenda harusini." Nikamkumbusha glasi ya maji. Nikamkumbusha kwamba aliniuliza kazi yangu. Akasema glasi si bahari. Wenziwe wakacheka tena. Juu ya kichwa chake, ukutani, lipo bango la mtu amevaa miwani ya kuzamia na saa kama hii mkononi, chini yake imeandikwa mita 300.

Risiti sikupewa, na yeye anajua. Anajua Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na anajua vilevile kwamba aliyenunua kopi kwa hiari yake haendi pale kushtaki. Kiburi chake kinatoka hapo.

Nilikuwa nimepanga kuandika tu kwamba msiinunue. Halafu leo asubuhi nimeivaa kwenda sokoni, jua limepiga kwenye ile kauri, na mtu ninayemheshimu akanisimamisha kuitazama. Inatunza saa vizuri, haizidi sekunde chache kwa siku. Ni nzuri, siwezi kusema vinginevyo, na mtu wa ofisini asiyefika zaidi ya ufukweni pengine angefurahi nayo miaka. Nilikaribia kuipa alama za juu kwa mtu wa namna hiyo.

Lakini nikimkumbuka mgeni wangu kwenye ile kamba, siwezi. Kuna vijana wengi Nungwi, Kizimkazi na Mafia wanaoanza kazi hii, kompyuta hawajaweza kununua, na saa kama hii wanaimudu. Wao ndio watakaoshuka nayo ikiwa peke yake. Aliyenayo aishike pete kwa vidole viwili, aisukume kulia kwa nguvu, si mara moja bali kila asubuhi. Ikisogea hata kituo kimoja, isishuke majini. Alama zangu ni sifuri, na uzuri wa kauri hauiongezei hata nusu.

Fundi wa Darajani anasema anaweza kunichongea kipande cha chuma chenye mguu mkali zaidi, ila meno hawezi kuyabadilisha. Nimemwambia asubiri. Nikivuka tena nitamwomba twende pamoja na lenzi yake, aiweke kwenye kaunta, na yule kijana atazame meno hayo mbele ya wateja wake.