Nilimpeleka Bibi kusikia Kiunguja, tukaambiwa tusome Kiingereza

“Mbona wanafumbua midomo na hawasemi?” Bibi aliniuliza hivyo kwa kunong’ona, akiwa amenishika mkono gizani, ndani ya ukumbi mmoja wa sinema wa hapa Dar es Salaam ambao nilikuwa nimemsifia kwa wiki nzima. Sikuwa na jibu. Muziki ulikuwa ukisikika vizuri kabisa, upepo ulisikika, nyayo za watu vichochoroni zilisikika, lakini sauti za wanadamu zilikuwa zimetoweka kana kwamba mtu amezichuja na kuziondoa moja moja. Nilidhani ni ufundi wa mwongozaji, nikasubiri. Dakika tano zikapita, kisha kumi, na watu wakaendelea kufumbua midomo bila kusema.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, ninaishi hosteli, na sinema ndiyo starehe pekee ninayoigharamia kwa hiari. Wenzangu wakipata bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, hununua viatu au huenda ufukweni Kigamboni, mimi huenda kutazama filamu, mara nyingi peke yangu, siku za kazi ambapo ukumbi huwa hauna watu. Kwa hiyo siandiki kama mgeni wa mambo haya. Ukumbi huo nimeuingia mara nyingi, viti vyake ninavijua, na hadi siku hiyo nilikuwa mtu wa kwanza kuutetea kila rafiki alipolalamika kwamba ni ghali.

Safari hii haikuwa ya kawaida. Filamu iliyokuwa ikioneshwa ilikuwa Vuta N’Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo mimi na maelfu ya wenzangu tuliisoma kidato cha tano na cha sita hadi tukawa tunawajua Yasmin, Denge na Mwajuma kama majirani. Ilikwishaoneshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Carthage kule Tunisia. Lakini mimi sikuwa ninawaza tuzo. Nilikuwa ninamwaza Bibi, mzaliwa wa Unguja aliyekulia mitaa ya Ng’ambo, hukohuko mjini Unguja, katika miaka ileile ambayo hadithi hiyo inaisimulia, na ambaye sasa anaishi Magomeni kwa mama yangu mkubwa, akilalamika kila siku kwamba watu wa huku Bara hawasemi, wanagombana tu.

Bibi hakuwa ameingia ukumbi wa sinema kwa zaidi ya miaka arobaini. Ujanani mwake alikuwa akienda Majestic, pale Vuga, kwenye maonyesho ya mchana yaliyokuwa ya wanawake watupu, na hadi leo anaweza kuimba nyimbo za filamu za Kihindi alizoziona huko ingawa lugha yenyewe haijui. Nilipomwambia kwamba ipo filamu ya Unguja, inayosemwa kwa Kiswahili cha Unguja, hakuniuliza inahusu nini. Aliuliza kama wanasema vizuri. Nikamjibu kwamba atakwenda kusikia mwenyewe.

Naomba nieleweke kuhusu fedha, kwa sababu zilinichangia hasira. Posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Tiketi mbili zilinigharimu shilingi 24,000, yaani mlo wa siku mbili na zaidi, na hapo sijahesabu bajaji ya kwenda na kurudi, maana goti la Bibi haliwezi kupanda daladala ya jioni. Nilijinyima kwa furaha. Kwa takriban wiki mbili nilikuwa ninakula mchana tu, jioni ninakunywa chai na maandazi, na sikujuta hata mara moja hadi pale sauti ilipokatika.

Dakika ishirini na tano za mwanzo zilikuwa neema tupu. Bibi alivua kandambili zake chini ya kiti, akajikunja ndani ya buibui lake kama aliyekaa barazani, na kila mhusika aliposema jambo yeye alilirudia polepole, kwa midomo tu, kana kwamba analionja. Mara mbili alinigusa akaniambia, “Umesikia hilo? Hilo neno mama yangu alikuwa akilisema.” Sijawahi kuitazama filamu yoyote kwa namna hiyo, huku jicho langu moja likiwa kwenye pazia la picha na jingine usoni pa mtu anayerudishiwa kitu chake.

Kisha sauti za watu zikapotea, na chini ya picha yakabaki maandishi ya tafsiri ya Kiingereza.

Nilitoka kumtafuta mhudumu. Nilimkuta mlangoni, kijana wa umri wangu au aliyenizidi kidogo, akiwa amejiegemeza ukutani na simu mkononi. Nilimsalimia, nikamweleza kwa upole kwamba sauti haipo. Alisikiliza sekunde chache pale mlangoni, bila kuingia, akasema, “Dada, mbona muziki unasikika?” Nikamwambia muziki upo ila watu wanaozungumza hawasikiki. Akaniuliza, “Maandishi si yapo pale chini? Someni.” Nikamwambia nimekuja na bibi yangu na yeye hasomi Kiingereza. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, kuanzia kitambulisho cha chuo kilichoning’inia shingoni mwangu hadi miguuni, akajibu, “Basi wewe si msomi? Msomee.” Akarudi kwenye simu yake.

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi mno tangu siku ile. Tupo Tanzania, filamu ni ya Kiswahili, imetoka kwenye kitabu cha Kiswahili, waigizaji wanasema Kiswahili, na mtazamaji ni mwanamke ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza na ya mwisho. Mtu huyo anaambiwa kwamba asiposikia lugha yake si kitu, kwa kuwa maandishi ya Kiingereza yapo. Na lililonichoma zaidi ni kwamba kijana hakusema kwa nia ya kutukana. Alisema kama mtu anayetaja jambo la kawaida, kwamba kinachohesabika kimeandikwa pale chini na kilichobaki ni kelele.

Nilirudi kitini nikafanya hivyohivyo. Nilimsomea. Nilichukua Kiingereza kilichokuwa kimetafsiriwa kutoka kwenye Kiswahili cha Unguja, nikakitafsiri tena kwa Kiswahili changu cha Manzese, na nikamnong’oneza mtu anayeijua lugha hiyo kuliko mimi, kuliko mhudumu na kuliko yeyote aliyekuwa ndani ya ukumbi ule. Mhusika alikuwa akisema kwa muda mrefu, midomo ikienda, mikono ikienda, nyusi zikipanda na kushuka, na chini yake yakitokea maneno manne. Bibi alikuwa akinitazama akisubiri mengine. “Ni hayo tu?” aliniuliza. Nikamwambia ni hayo tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hapana, mwanangu, kasema mengi huyu.”

Rafiki yangu anayesomea mambo ya filamu alinieleza baadaye kilichotokea. Katika kumbi za kisasa sauti haitoki mahali pamoja. Spika nyingi zimepangwa pande zote, lakini mazungumzo huelekezwa zaidi kwenye spika ya katikati, iliyofichwa nyuma ya pazia lenyewe, na ndiyo sababu pazia hutobolewa vitundu vidogo mno visivyoonekana ili sauti ipenye. Spika hiyo au kikuza sauti chake kikifa, muziki na sauti nyingine zinazopita pembeni huendelea kama kawaida, na mtu aliyesimama mlangoni anaweza kuapa kwamba kila kitu kinafanya kazi. Nilipoelezwa hivyo hasira ilinipungua kidogo. Mtambo ni mtambo, unaweza kufa popote na siku yoyote, na kwa hilo simlaumu mtu.

Ninachokilaumu ni kwamba hakuna aliyeingia kusikiliza. Nilikulia mtaani kwetu nikiingia mabanda ya video kwa shilingi 200, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, joto likitupikia jasho, tukitazama filamu za Kichina zilizotiwa sauti ya mtu anayezisimulia kwa Kiswahili. Mwenye banda wetu hakuwa na kiyoyozi wala risiti. Lakini umeme ukikatika au sauti ikigoma, alisimama mbele yetu, akatuomba radhi, na mambo yakitengemaa aliirudisha filamu nyuma hadi pale tulipoishia, na kama hakuwa na uhakika ni wapi alituuliza sisi watoto, nasi tukambishia hadi tukakubaliana. Kwa shilingi 200 tulikuwa watu wenye haki ya kusikia. Kwa shilingi 12,000 nikawa mtu wa kuambiwa asome.

Nilitoka mara ya pili. Kijana hakuwepo mlangoni. Dada wa bisi aliniambia meneja ametoka. Katika watu kama kumi na watano tuliokuwemo ndani, wanne walikwishaondoka, na mzee mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka akasema hata yeye hasikii ila alidhani masikio yake ndiyo yamechoka. Hilo nalo liliniuma, kwamba mtu mzima alikaa gizani muda wote ule akijilaumu mwenyewe.

Filamu hiyo ina urefu wa saa moja na nusu hivi. Kwa hesabu yangu tulikaa bila mazungumzo kwa dakika arobaini na tano, yaani nusu nzima. Kisha akaja kijana mwingine, fundi, akiwa na tochi na nyaya begani, na hapa lazima niseme kweli ingawa inaiharibu hasira yangu. Kabla hajagusa chochote alipita kwenye safu zetu akiomba radhi, na alipofika kwa Bibi alichutama, akasema, “Shikamoo Bibi, nisamehe, nimechelewa kuambiwa.” Bibi akamjibu marahaba, akamwombea Mungu ampe umri. Baada ya dakika chache sauti ilirudi ghafla, nzito na ya karibu, na Bibi alicheka kwa sauti kama msichana. Dakika ishirini za mwisho zilikuwa zake. Alirudi kuyarudia maneno kwa midomo. Alilia kidogo pia, na sikumuuliza kwa nini.

Kwa hiyo nilipokuwa bado kitini nilikwishaanza kuwasamehe. Niliitafakari filamu yenyewe, jinsi inavyothubutu kukaa kimya mahali ambapo riwaya ina kurasa nyingi za maneno, na jinsi Siti Amina, ambaye kwa kawaida tunamjua kwa taarabu, anavyomfanya Mwajuma awe mtu unayetamani akukaribishe chumbani kwake. Wapo watakaosema inakwenda polepole. Mimi naona inakwenda kwa mwendo wa mtu wa Mji Mkongwe anayejua anakokwenda na hana sababu ya kukimbia. Nilikuwa nikijiambia kwamba siku kama hiyo, pamoja na kasoro zake, ilistahili maandazi yote niliyokula.

Kisha taa zikawashwa majina yakiwa bado yanapanda, na wafagiaji wakaingia na mifagio yao. Bibi alikuwa anayasoma majina yale. Ndiyo, hayo aliweza kuyasoma, maana ni majina ya watu, na alikuwa akitafuta kama kuna ukoo anaoujua. Mwanga ukayafifisha. Tukasimama.

Dirishani niliomba nirudishiwe nusu ya fedha, au angalau nipewe tiketi za siku nyingine. Nilijibiwa kwamba picha ilionekana hadi mwisho, na kwamba tiketi ni ya kuona filamu. Niliomba basi ile sehemu ya kati irudishwe nyuma kwa ajili ya wale tuliobaki, nikaambiwa ratiba hairuhusu. Msamaha wote niliokuwa nimeukusanya kitini ukayeyuka pale pale. Bibi alinivuta mkono, akaniambia twende, watoto hawa hawajafundishwa.

Mnaoniuliza kama muende, jibu langu limebadilika mara kadhaa tangu nianze kuandika. Nilitaka kusema msikanyage. Lakini viti ni vizuri, picha ni safi kuliko kumbi nyingine nilizozijua, na yupo fundi pale mwenye adabu ya kwao, ambaye angeitwa mapema nisingekuwa na la kuandika. Nendeni, ila mazungumzo yakipotea msikae kimya mkidhani ni ninyi. Wala msikubali kuambiwa msome. Na kama mnampeleka mzee, hapana, ngojeni kwanza. Siwezi kuwashauri mumpitishe mtu mzima pale nilipompitisha wangu.

Ingawa mimi mwenyewe nitampitisha tena. Juzi mama mkubwa alinipigia simu akaniambia kwamba Bibi amewasimulia majirani filamu yote, ila akifika katikati anasema, “Hapo sijui, hapo nilisomewa.” Anataka arudi akaisikie sehemu hiyo kwa masikio yake. Bumu likiingia, na filamu ikiwa bado ipo, tutakwenda siku ya kazi, saa kumi jioni, na safari hii nitamwomba yule fundi aturuhusu tuisikie ile spika ya nyuma ya pazia kabla sijatoa shilingi yangu hata moja. Bibi ameshauliza mara mbili ni siku gani.