Mpango wa wiki 16 wa kupanda jukwaani: ufuate, ila wiki ya mwisho uichane

Kifurushi hiki ni cha aina iliyojaa mtandaoni: unajaza fomu, unatuma picha tatu (mbele, ubavu na mgongo), kisha unaletewa jedwali la mazoezi, jedwali la chakula, video za mapozi, ukurasa wa rangi ya kupaka mwilini kwa ajili ya jukwaa, na kocha unayemwandikia kila Jumapili. Ni wiki 16, shindano likiwa Jumamosi ya wiki ya mwisho. Kimeandaliwa kwa mtunisha misuli wa ridhaa anayepanda jukwaani mara ya kwanza au ya pili. Muuzaji hatumtaji, maana makosa yake ndiyo ya wenzake wengi. Hukumu tunaitoa mapema: mpaka wiki ya 15 mpango huu unakubebea kazi vizuri. Wiki ya 16 inaweza kuivuruga yote, na ikienda vibaya zaidi inaweza kukupeleka hospitali.

Tuanze na fomu. Inauliza urefu, uzito, umri na miaka ya mazoezi. Haiulizi kiasi cha mafuta mwilini, na hapo watu hupotea kabla hawajaanza. Chukua wanaume wawili, wote wa kilo 80. Wa kwanza ana mafuta asilimia 15, yaani kilo 12; ili afike asilimia 6 bila kupoteza misuli inabidi ashuke hadi kilo 72 na ushee. Wa pili ana asilimia 25, yaani kilo 20. Huyu ni lazima ashuke hadi karibu kilo 64. Kasi inayolinda misuli ni kupunguza nusu asilimia hadi asilimia 1 ya uzito kwa wiki, na kwa mtu wa kilo 80 hiyo inatoa kama kilo 6 hadi 11 katika wiki 15. Wa kwanza anaweza kufika kwa wakati. Wa pili alihitaji wiki 24 hadi 30. Akilazimisha 16 atapanda jukwaani amekonda, hajachongeka. Lakini wote wawili wanapokea jedwali lile lile. Mwanamke naye asiiguse hiyo asilimia 6: mwili wake unahitaji mafuta zaidi ili homoni ziende sawa, na hedhi kukatika ni onyo, wala si dalili kwamba kazi inakwenda vizuri.

Jedwali la chakula lenyewe limetulia. Protini gramu 2.2 kwa kila kilo ya uzito, mafuta asilimia 20 hadi 25 ya kalori zote, sehemu iliyobaki ni wanga. Unajipima kila asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chochote, halafu unalinganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki, maana uzito wa siku moja hauna maana. Chakula hakipunguzwi mpaka wastani ugome kushuka kwa wiki mbili mfululizo, na hata hapo wanapunguza kidogo, kalori 100 hadi 150. Huo ni ukocha wa mtu mzima.

Dosari iko kwenye neno moja lililosahaulika. Jedwali linasema "wali gramu 200" na kunyamaza. Mchele mkavu gramu 200 una kalori kama 700; wali uliokwisha kuiva gramu 200 una kama 260. Tofauti inazidi kalori 400 kwa mlo mmoja, yaani upungufu wote wa kalori wa siku umemezwa na sufuria. Uliza kabla ya kuanza: vipimo ni vya kikavu au vya kilichoiva? Kisha chagua njia moja na usiibadilishe hadi mwisho. Mafuta ya kupikia hayamo kwenye jedwali kabisa, na kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120. Mtu akilalamika wiki ya 8 kwamba "mwili umegoma", mara nyingi kilichogoma ni mizani ya jikoni.

Kuhusu mazoezi hatuna mengi. Uzito mkubwa unabaki pale pale, seti za marudio 6 hadi 12, na kinachopungua kuelekea mwisho ni idadi ya seti. Hawakuingia kwenye ule mtego wa kale wa kubadilisha kila kitu kuwa chuma chepesi na marudio 25 ati "kuchonga". Kinachochonga ni chakula, na chuma kizito kinauambia mwili usile misuli yake. Kardio inaanza dakika 20 mara tatu kwa wiki na inapanda pole pole. Kosa ni moja: miguu imepangwa Alhamisi, siku mbili kabla ya jukwaa. Mapaja yaliyochanika kwa skwati huvimba na kushika maji, na mistari inafichika. Siku ya mwisho ya miguu iwe Jumatatu ya wiki hiyo, tena kwa wepesi.

Mapozi ndipo mshiriki mpya anapopoteza nafasi ambazo mwili wake ulistahili. Mpango unaleta video wiki ya 10. Umechelewa, dakika 10 kila siku tangu wiki ya 1 ndicho kiwango cha chini. Kwa wanaume wa kitengo cha misuli mapozi ya lazima ni 7: mikono miwili kwa mbele, mabawa (misuli mipana ya mgongo) kwa mbele, kifua kwa ubavu, mikono miwili kwa nyuma, mabawa kwa nyuma, traisepsi (msuli wa nyuma ya mkono) kwa ubavu, na tumbo na paja. Kila moja lishikiliwe sekunde 15 hadi 20 bila kutetemeka, kwa sababu majaji wakiwalinganisha watu watano hawana haraka yoyote na wewe.

Chukua mikono miwili kwa nyuma. Unarudisha mguu mmoja, unasimama kwa vidole vyake ili kigimbi kikaze, unakaza nyuma ya paja na makalio, na hayo yote yanatangulia kabla mikono haijapanda. Kisha viwiko vinapanda usawa wa mabega, vinasogea mbele kidogo ili mgongo ufunguke, na kifua kinalala nyuma kiasi ili taa za juu ziangukie mgongo. Wengi hufanya kinyume: mikono kwanza, miguu wanaikumbuka pozi likiwa limekwisha. Pozi linajengwa kuanzia unyayo kwenda juu. Pumzi nayo iwe fupi fupi kifuani, tumbo likiwa limebanwa. Anayeshikilia pumzi kabisa huanza kuona nyota kwenye pozi la nne.

Video zenyewe ni safi, isipokuwa zile za kugeuka robo duara mbele ya majaji. Zimerekodiwa kwa kamera ya mbele ya simu, kwa hiyo kulia kumekuwa kushoto. Mtu akifundishwa hivyo wiki sita, siku ya shindano wenzake watageuka kulia naye atawageukia nyuso. Ongeza pia jambo ambalo mpango haulisemi: wiki nne za mwisho funika kioo. Jukwaani hakuna kioo, na mwili uliozoea kujitazama hukosa mahali pa kushika. Jirekodi, tazama baadaye.

Sasa wiki ya 16. Maagizo yao ni haya: maji lita 8 kwa siku Jumatatu hadi Jumatano, lita 2 Alhamisi, Ijumaa kulowesha ulimi tu, chumvi ikatwe kabisa kuanzia Jumatano, vidonge vya potasiamu, "chai ya kukojoa" Ijumaa usiku, na wanga mwingi siku hiyo hiyo ya Ijumaa. Wanadai maji yatatoka chini ya ngozi na misuli ibaki imejaa.

Mwili haufanyi kazi hivyo. Misuli yenyewe ni maji kwa karibu robo tatu, na kila gramu ya glaikojeni, yaani wanga unaohifadhiwa humo, huhitaji kama gramu 3 za maji. Ukibugia wanga huku umefunga bomba, wanga hauna maji ya kujaa nao. Mshiriki anatoka bapa, na msuli hauvimbi hata akivuta mpira wa mazoezi nusu saa. Chumvi nayo husaidia utumbo kunyonya glukosi, na ikikatwa ghafla homoni ya aldosteroni hupanda na figo kuanza kuing'ang'ania iliyobaki. Shinikizo la damu linashuka, mishipa inajificha. Hayo ni ya sura tu. Lita 8 za maji bila chumvi zinaweza kushusha sodiamu ya damu hadi mtu akachanganyikiwa au kupata degedege. Potasiamu ya vidonge kwa mtu aliyekauka inavuruga mapigo ya moyo. Mohammed Benaziza, mtunisha misuli wa kulipwa aliyekuwa kileleni, alifariki Oktoba 1992 saa chache baada ya shindano Uholanzi, na kifo chake kilihusishwa na ukavu wa mwili na dawa za kuondoa maji. Kumwandikia haya mtu wa ridhaa kwenye karatasi, bila kumuona na bila kipimo chochote cha damu, ni uzembe.

Badala yake: maji yabaki kiwango ulichozoea hadi Ijumaa usiku, Jumamosi unywe kwa mafunda kadiri kiu inavyotaka. Chumvi ibaki ile ile ya wiki zilizopita. Wanga uanze kupanda Jumatano au Alhamisi, gramu 4 hadi 7 kwa kilo kwa siku, kutoka vyakula ambavyo tumbo lako linavijua, huku ukipunguza mboga zenye nyuzi nyingi ili kiuno kisijae. Muhimu zaidi, fanya jaribio la wiki hiyo wiki mbili kabla: kula vile vile, piga picha Jumamosi saa ile ile, uone mwili unajibu vipi. Kama hujachongeka wiki moja kabla ya shindano, ujue yaliyobaki ni mafuta, na mafuta hayatoki kwa kukojoa.

Ukurasa wa rangi ndio bora wa kifurushi kizima. Nyoa mwili siku mbili kabla, sugua ngozi siku moja kabla, na kuanzia hapo usipake losheni wala dawa ya kwapa, kwa sababu rangi hufanya kazi kwenye tabaka lililokufa la juu ya ngozi, na dawa ya kwapa huweza kuigeuza kijani. Mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, Ijumaa jioni kwa kupishana saa chache, mmoja Jumamosi asubuhi. Viwiko, magoti na vifundo vipakwe kidogo, ngozi ya hapo hunywa rangi kupita kiasi. Masikio na shingo visisahaulike. Lala na nguo nyeusi pana, na chooni tahadhari na matone: kila tone linaacha njia nyeupe pajani. Tuongeze mawili. Mwenye ngozi nyeusi anatosheka na mkono mmoja au miwili, kazi yake ikiwa kusawazisha madoa na kupunguza mng'ao wa taa. Mitatu inamgeuza ukuta usio na mistari. Tena soma kanuni za shirikisho lako, kwani mengine yanakataza rangi inayofutika kwa kidole na mafuta mengi.

Kuhusu akili, mpango una nusu ukurasa wa maneno ya kutia moyo. Hautoshi kabisa. Uchunguzi mmoja uliochapishwa 2013 ulimfuatilia kwa miezi 12 mtunisha misuli asiyetumia dawa za kukuza misuli: mafuta yalishuka kutoka asilimia 14.8 hadi 4.5, mapigo ya moyo wakati wa kupumzika kutoka 53 hadi 27 kwa dakika, testosteroni ikabaki robo, na alama za msukosuko wa hisia zikapanda kutoka 6 hadi 43. Mtu wa namna hiyo anakasirishwa na mlango. Halali usiku, anaota chakula, anatazama video za mapishi saa nzima. Huo si udhaifu wa moyo. Katika jaribio la njaa la Minnesota la 1944 na 1945, vijana 36 wazima kabisa walianza kusoma vitabu vya mapishi. Kinachosaidia ni vitu vidogo vilivyopangwa mapema: waambie wa nyumbani ni wiki zipi zitakuwa ngumu, picha za mwili ziwe mara mbili kwa wiki na si zaidi, kioo kiache, kitanda saa ile ile kila siku, maamuzi makubwa ya kazi na ya mapenzi yasubiri. Na pawepo mstari wa kuacha uliokubaliwa wiki ya 1: kuzimia, moyo kurukaruka, kula hadi kutapika, au mawazo ya kujidhuru. Ukiuvuka, shindano limekwisha na unamuona daktari.

Kocha wa Jumapili kwa Jumapili anatosha wiki 12 za kwanza. Kuanzia wiki ya 13 unahitaji mtu anayejibu siku hiyo hiyo, kwa sababu njaa haisubiri Jumapili.

Halafu mpango unakatika. Ukurasa wa mwisho ni picha ya mtu na medali. Wiki ya 17 haipo, na ndiyo inayowavunja wengi: mtu anakula Jumamosi usiku mpaka Jumatano, vifundo vinavimba, kilo zinarudi kwa kasi, naye anajichukia kwenye kioo kile kile alichojipendea. Yule wa uchunguzi wa 2013, hata baada ya miezi sita nguvu zake zilikuwa hazijarudi zote. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: Jumatatu baada ya shindano ninakula nini asubuhi? Akikujibu kwa gramu, endelea naye.