Sensa ya hewa ikifika mwisho: ununue nini kwa gari lililoongezwa nguvu

Umebadilisha turbo, umeweka nozo kubwa za mafuta na bomba pana la moshi, lakini gari bado linakata pumzi injini ikipita mizunguko 5,500 kwa dakika. Mara nyingi kinachokwamisha ni sensa ya hewa ya kiwandani. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita huupoza, na umeme unaotumika kuurudishia joto hugeuzwa kuwa volti ambazo kompyuta ya gari husoma kama uzito wa hewa. Volti hizo mwisho wake ni 5. Hewa ikizidi hapo, sensa inasema 5. Ikizidi tena, inasema 5 ile ile. Mafuta hayaongezwi, na injini ya turbo inayokosa mafuta kwenye presha haichelewi kuchoma pistoni.

Basi kabla hujateremka Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, na pesa mfukoni, pima. Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinachoungana na simu kinatosha, mradi kionyeshe volti za sensa. Gia ya tatu, mafuta mpaka chini, uangalie volti zinavyopanda. Fanyia hili kwenye mashine ya kupimia nguvu. Thika Road ina matatu, bodaboda na polisi. Volti zikiendelea kupanda mpaka injini ifike mwisho wa mzunguko wake bila kulala, na zikabaki chini ya 4.6, huna haja ya kununua sensa. Nunua tu kopo la dawa ya kusafishia sensa (si ile ya kabureta, wala usiguse waya kwa kidole), kisha kaza klempu za bomba lililo kati ya sensa na turbo. Filta za kupaka oili zikikutana na vumbi letu huchafua waya kuliko watu wanavyodhani.

Wenye Mitsubishi Evo ya I hadi IX wasihangaike na volti: sensa yao huhesabu vimbunga vidogo vya hewa na kutoa idadi ya mapigo kwa sekunde.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 83, wakati Mombasa ni 101. Gari lisilo na turbo likishuka pwani linavuta hewa zaidi kwa karibu asilimia 20. La turbo lililowekewa presha ya kilopaskali 100 juu ya hewa ya nje linatoka 183 hadi 201, yaani karibu asilimia 10. Gari lililotyuniwa hapa (yaani kompyuta yake ikapangwa upya) likagusa volti 4.8 na fundi akasema "iko sawa" linaweza kugonga ukuta ukishapita Mariakani kuelekea Mombasa. Huku juu ya kipimo kila sehemu ya volti imebeba hewa nyingi: kutoka 4.5 hadi 5 kuna hewa kuliko kutoka 1 hadi 2.5. Mimi hununua nikiiwazia pwani.

Kwa hesabu ya haraka, kila gramu moja ya hewa kwa sekunde huzaa nguvu farasi 1.1 hadi 1.3. Sensa inayokoma gramu 300 inakufikisha kati ya 330 na 390, kutegemea tyuni.

Chaguo langu la kwanza, kwa gari la kwendea kazini linalokimbizwa wikendi, ni sensa yako ile ile ndani ya bomba pana zaidi. Subaru na Toyota nyingi za tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina sensa ya kuchomeka, skrubu mbili tu, waya tano kwa sababu kipima joto kimo humo humo. Ukitoka bomba la milimita 65 hadi 80, eneo linaongezeka kwa nusu. Hewa ile ile inapita polepole zaidi na sensa inapata nafasi ya kupumua. Ni lazima kompyuta ityuniwe upya, vinginevyo gari halitatulia hata likiwaka tu. Mafundi wa jua kali wanaweza kukuchongea bomba la alumini, ila pitisha kidole ndani kabla ya kulipa. Ukigusa uvimbe wa weldi, rudisha: hewa itavurugika na sensa itasoma uongo. Liache bomba linyooke kiasi kabla ya sensa, lisitoke kwenye kona moja kwa moja. Ubaya wake ni kwamba usomaji wa chini unakuwa wa kukisia, na kwenye foleni ya Jogoo Road sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inaweza kupandapanda.

La pili ni kuachana na sensa ya hewa kabisa na kutumia sensa ya presha pamoja na ya joto. Si uhuni wa gereji: Toyota walifanya hivyo kwenye injini za 2JZ-GTE za Japani, huku za Marekani zikipewa sensa ya hewa. Ukiwa na turbo kubwa, au ukipenda ile valvu inayopiga chafya hewani (wa Subaru mnajijua), hii ndiyo yako, maana hewa inayotupwa nje haikuwa imehesabiwa, kwa hiyo hakuna moshi mweusi kila ukibadilisha gia. Sensa ya kilopaskali 300 inawatosha wengi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya gharama: mara nyingi inataka kompyuta mpya na fundi mwenye subira, na ukibadilisha kemshafti (shafti inayofungua valvu) unatyuni tena.

La tatu, sensa ya injini kubwa zaidi. Ile ya Nissan 300ZX ya umbo la Z32, milimita 80, imependwa miaka mingi na watu wa injini ya Nissan SR20DET. Inafanya kazi. Shida ni kwamba za eksi-Japani zimezeeka, feki zimejaa, na mpangilio wa waya hubadilika.

Vile viboksi vya kupunguza volti ili kompyuta isishtuke sivipi hata nafasi. Kompyuta ikidhani hewa ni kidogo, inapunguza mafuta na wakati huo huo inawahisha cheche, na hapo ndipo injini huanza kugonga.

Dukani, nenda na sensa yako ya zamani. Linganisha namba iliyochapwa, si umbo, maana kasha moja hubeba vipimo tofauti. Elekeza tochi kwenye tundu uone waya ni mzima na hauna ukungu wa oili. Kisha omba risiti yenye namba hiyo na ruhusa ya kurudisha baada ya kuijaribu. Asiyekubali, duka la jirani lipo wazi.